Mbwa Mchungaji wa Shetland: Tabia Yake na Namna ya Kumtunza



Mara hii sisi wa mwaka wa sita tumechagua kueleza habari za mbwa. Tunajua wengine watacheka na kusema, "Imbwa! Imbwa iko na nini ya kusomwa?" Wacheke kwanza, kisha wasome. Mbwa tunayetaka kueleza anaitwa mbwa mchungaji wa Shetland. Tunaposema mchungaji tunataka kusema wa kondoo wenye miguu mine. Wadogo zetu wa kilasi ya kwanza wasikuje kutuuliza kama anahubiri siku ya Mungu.

Kwa nini huyu, wakati hapa kwetu hayupo? Ni kwa sababu yeye anaonyesha wazi jambo moja ambalo linahusu mbwa wote. Tabia ile watu wanayomlaumu mbwa, mara nyingi ndiyo kazi ambayo wazee wake walichaguliwa kuifanya. Mwenye kuijua ile kazi atajua namna ya kumtunza. Asiyeijua atampiga bure. Na kuna jambo moja jingine lililo katika damu yake, tutalieleza mbele, ambalo asiyelijua anaweza kumuua mbwa wake kwa dawa aliyompa kwa moyo mzuri kabisa.

KWAO NI WAPI

Shetland ni visiwa, ao visanga kama wengine wetu wanavyosema, zaidi ya 100, ndani ya bahari kaskazini ya Uskoti. Watu wanakaa katika visiwa 16 hivi tu. Vingine ni vya ndege na kondoo. Mji mkubwa ni Lerwick. Mufungue atlasi, mutaona mstari wa latitudo 60 unapita pale. Sisi tunaokaa karibu na ekweta tumezoea mchana wa saa 12 hivi mwaka wote. Kule, katika Desemba mchana haufiki hata saa 6, na katika Juni jua linakaa juu karibu saa 19. Upepo wa bahari ni mkali, miti ni michache sana. Majani ya kulisha wanyama ni mafupi na baridi ni ndefu.

Katika nchi ya namna hiyo mnyama mkubwa ni hasara, maana anakula zaidi ya ile inayoota. Ndiyo sababu wanyama wengi wa kule ni wadogo. Farasi wa Shetland hapiti sentimeta 107 kwenye mabega. Kondoo wao ni wadogo, wepesi, wanaruka kama mbuzi. Mbwa naye ni vile vile: kwa kipimo kinachotakiwa leo, dume ana sentimeta 37 kwenye mabega na jike 35 na nusu. Uso wake ni mrefu na mwembamba, masikio yanasimama na ncha zake zinaanguka mbele, na shingoni ana manyoya mengi kama simba. Ukiona picha yake utafikiri ni ule mbwa Collie mkubwa wa Uskoti ambaye wamemfua katika maji ya moto kama shati la sufu, akapungua.

Sasa kazi yake. Mkulima wa Shetland wa zamani alikuwa na kipande kidogo cha shamba karibu na nyumba, cha nafaka, viazi na kabichi. Kondoo wa watu wote walikula pamoja juu ya kilima cha shirika. Hakukuwa na waya wa kufunga shamba, ila ukuta wa mawe ao wa udongo. Hakuna mtu hapa aliyewahi kuchunga mbuzi ambaye hajui nini inafuata. Kondoo wanaona kabichi, wanaruka. Pale ndipo mbwa mdogo alipoitwa. Shamba lile la nyumbani watu wa kule waliliita "toon", na mbwa wakamwita "toonie", ndiyo kusema mbwa wa shambani. Hakutakiwa kumshika kondoo wala kumuuma kwa nguvu, maana kondoo aliyeumwa ni hasara kwa mwenye mali na ni shauri na jirani. Alitakiwa kuona mbali, kukimbia mbio, na kupiga kelele mpaka kondoo warudi kilimani. Mbwa aliyenyamaza huku kabichi inakwisha hakuwa na faida. Aliyebweka vizuri ndiye aliyewekwa, na ndiye aliyezaa. Wale ambao wamefanya zamu katika shamba la muhogo nyuma ya internati wanaelewa hii bila sisi kuongeza neno.

Mulinganishe na mbwa wa pori yetu ya Congo, yule ambaye Wazungu wanamwita Basenji, na ambaye Waingereza walianza kumfuga kwao katika miaka ya 1930. Huyu habweki kama mbwa wengine. Sauti anayo, lakini ni kama wimbo. Wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi ndani ya majani. Kwa mwindaji mbwa mnyamavu si mbaya hata kidogo. Kwa mkulima wa Shetland huyo angekuwa mvivu. Basi mbwa mwema ni yupi? Swali lenyewe halina maana mpaka useme ni kwa kazi gani.

Kidogo juu ya jina. Wageni na mabaharia waliofika visiwani walipenda kununua watoto wa mbwa hawa, na watu wakaanza kuwachanganya na mbwa wadogo wa nyumbani ili wawe wadogo zaidi na wa kupendeza zaidi. Mbwa wa zamani akaanza kupotea. Mwaka 1908 watu wa Lerwick wakaunda chama cha kumlinda. Mwaka 1909 chama kikubwa cha mbwa cha Uingereza kikamkubali kwa jina la Collie wa Shetland. Wenye mbwa Collie wakubwa wakakataa jina lao lisitumiwe, na mwaka 1914 likabadilishwa, akawa mbwa wa kondoo wa Shetland mpaka leo. Siku hizi kule Shetland kazi ya kondoo inafanywa zaidi na mbwa wengine wanaoitwa Border Collie, na mashamba yana waya. Huyu wetu amekuwa mbwa wa nyumbani. Kazi imekwisha, lakini tabia haikwishi pamoja nayo.

TABIA YAKE

Ana akili nyingi. Mwaka 1994 mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Canada, Stanley Coren, alitoa kitabu juu ya akili ya mbwa. Aliuliza watu wanaohukumu mbwa katika mashindano ya utii, akapanga aina nyingi za mbwa kwa zamu. Mbwa wa Shetland alikuwa wa 6. Wale wa juu kabisa wanashika amri mpya kabla ya kuirudilia mara 5, na wanatii amri ya kwanza mara 95 katika 100 ao zaidi. (Tunaomba wadogo zetu wasiambiwe namba hizi na bwana walimu siku ya kurudisha pointi.)

Watu wakisikia hivyo wanafurahi, eti watapata mbwa ambaye hasumbui. Wanakosea. Kila mwalimu anajua kwamba mwanafunzi mwenye akili ambaye hakupewa kazi ndiye anayeharibu kilasi yote. Mbwa huyu asipopewa kazi anajitafutia. Hana kondoo, basi atachunga watoto: anawazunguka wanapocheza, anawasukuma wakae pamoja, na mmoja akikimbia anamfuata na kumgusa kisigino kwa meno. Mtoto analia, baba anachukua fimbo. Lakini mbwa hakukasirika hata kidogo. Kwa macho yake kondoo mmoja alikuwa anatoroka.

Baya zaidi ni magurudumu. Kitu kinachokimbia mbele yake kinamwita, iwe baiskeli, pikipiki ao motokari, na anakwenda kukirudisha kundini. Kondoo anaogopa na kurudi, motokari hairudi. Kwa hiyo mahali penye njia mbwa huyu anatakiwa kuwa ndani ya lupango lililofungwa ao kwenye kamba, hata kama amefundishwa vizuri. Hapo sisi hatuoni nafasi ya kubishana.

Kwa mwenyewe ni mpole na anashikamana naye sana, anamfuata kutoka chumba mpaka chumba. Kwa mgeni anakaa mbali kwanza, anatazama. Ile si uchawi wala kiburi, ndivyo anavyotakiwa kuwa. Lakini asiwe mwoga wa kutetemeka. Mtoto wa mbwa anayefungiwa tangu kuzaliwa, asiyeona watu, asiyesikia kelele za soko wala mvua juu ya mabati, ndiye anayekuwa mwoga. Juma za kwanza, tangu ya 3 mpaka ya 14 hivi, ndizo za kumzoesha watu na mambo ya dunia, polepole. Mgeni naye asimkimbilie kumshika kichwa. Akae chini, angoje, mbwa atakuja mwenyewe.

Kubweka sasa. Kuna watu wanaomfokea mbwa anapobweka. Kwa mbwa ile ni msaada: "Bwana naye anabweka, kweli kuna hatari!" Basi anaongeza. Kuna wanaompiga. Mbwa huyu anasikia uchungu wa sauti tu, sembuse fimbo. Akipigwa anajificha, anakojoa kwa woga, na kubweka anabweka bado siku ambayo haupo. Njia inayosaidia ni hii: akibweka mara mbili tatu, umwite kwa sauti ya kawaida, umwambie "basi", na nukta ile anayonyamaza umpe kipande kidogo cha chakula. Kesho tena vile vile. Yeye ni mwepesi wa kushika, ataelewa kwamba habari imefika na kazi yake imetimizwa. Kumnyamazisha kabisa hutaweza, na mwenye kutaka nyumba ya kimya achukue mnyama mwingine.

Na umpe kazi. Umfiche kitu atafute, umfundishe kuleta viatu, kutembea pamoja nawe asubuhi na jioni. Nusu saa ya kufikiri inamchosha kuliko saa nzima ya kukimbia ovyo.

MWILI WAKE

Manyoya yake ni ya namna mbili. Ya nje ni marefu, yamenyooka, maji ya mvua yanateleza juu yake. Ya ndani ni mafupi, laini, yamesongamana kama pamba. Ukipitisha brosi juu juu, mbwa anang'aa lakini ndani mafundo yanakaa yanavuta ngozi, na chini ya fundo kunakuwa kidonda bila wewe kujua. Inafaa kugawanya manyoya kwa mkono mpaka uone ngozi, kisha kuchana kutoka pale, mara mbili ao tatu kwa juma. Mahali pa hatari ni nyuma ya masikio, makwapani na nyuma ya mapaja. Unyunyizie maji kidogo kwanza, manyoya makavu yanakatika.

Mutu wa nchi ya joto ataona manyoya yale na kumhurumia, atachukua mkasi. Asifanye vile. Manyoya ya nje yanamkinga na jua pia, na yakinyolewa pengine hayarudi sawasawa. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema ulimi nje. Kwa hiyo anachohitaji ni kivuli, maji masafi na kutotembezwa saa sita ya mchana.

Manyoya yanadanganya jambo jingine: mbwa mnene na mbwa aliyekonda wanafanana. Usimtazame, umshike. Weka vidole kwenye mbavu. Ukizisikia bila kubonyeza sana, ni vizuri. Ukibonyeza na kukuta mto wa mafuta, upunguze chakula, kwa maana mifupa yake ni myembamba na haikuumbwa kubeba mzigo. Mara mbili kwa siku inatosha kwa mbwa mzima. Kitunguu na chokoleti ni sumu kwake, na mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika kama sindano ndani ya tumbo. Kucha zikatwe, meno yasafishwe, hapo hatukawii.

Sindano ya kichaa cha mbwa hapana mchezo. Pasteur alimtibu mtoto wa kwanza kwa chanjo hiyo mwaka 1885, na bado watu wanakufa, kwa sababu alama za ugonjwa zikitokea karibu hakuna anayepona. Kati ya watu 100 wanaoupata, mpaka 99 wameupata kwa mbwa. Mbwa yeyote apate sindano kwa wakati wake. Na mtu akiumwa, aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende kwa munganga siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wa jirani na ni rafiki.

Wa Bio-Chimie watapenda neno hili la rangi. Kuna mbwa wa Shetland wa rangi ya kijivu na madoadoa meusi, ni wazuri sana, na rangi ile inaletwa na jeni moja. Mbwa mwenye kuibeba mara moja ni mzima. Lakini ukioanisha wawili wa rangi ile, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuipata kutoka kwa baba na kwa mama, na wale wengi wanazaliwa viziwi ao vipofu, pengine vyote viwili. Ni hesabu ile ile ya Mendel na njegere zake. Mwenye kuijua na bado anawaoanisha kwa kutafuta rangi ya kuuza, sisi tunasema anafanya ubaya.

DAWA INAYOUA

Kuna dawa inayoitwa ivermektini. Inaua minyoo na kupe na wadudu wa upele katika ng'ombe, kondoo, farasi. Ilitoka katika bakteria ya udongo wa Japani, na wataalamu wawili walioifanyia kazi, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini tangu miaka ya 1980 waganga wa wanyama waliona jambo la ajabu: mbwa Collie wakipewa kipimo ambacho mbwa wengine wanavumilia, wanaanza kutembea kama walevi, wanatoka mate, wanatetemeka, hawaoni, wanalala usingizi usioamka, wanakufa.

Sababu ilijulikana mwaka 2001, katika chuo kikuu cha Washington State huko Marekani. Mpakani mwa damu na ubongo kuna protini ambayo kazi yake ni kama ya sentineli mlangoni: dawa fulani zikijaribu kuingia, anazitupa nje. Katika mbwa Collie wengi jeni inayotengeneza protini hiyo, inaitwa MDR1, imepotewa na kipande kidogo. Sentineli hayupo, dawa inaingia ubongoni na kukaa. Mbwa wa Shetland, ambaye ni wa ukoo mmoja na Collie, naye baadhi yao wanayo jeni hiyo. Si wote. Lakini kwa macho huwezi kuwatambua, si kwa rangi wala kwa ukubwa. Munganga wa wanyama anachukua mate ya ndani ya shavu ao damu kidogo, inapelekwa kupimwa, jibu linajulikana mara moja kwa maisha yake yote.

Kipimo kidogo sana kilicho ndani ya vidonge vya mbwa vya kuzuia minyoo ya moyo hakiwadhuru. Hatari ni kipimo kikubwa, kama kile cha kutibu upele, na zaidi dawa ya ng'ombe ao farasi ambayo mtu anaigawanya kwa macho. Hatari nyingine hakuna anayeifikiri: mbwa anapita katika zizi la wanyama waliopewa dawa asubuhi, anakula mavi yao kama mbwa wanavyofanya, na dawa imo. Vilevile dawa ya watu ya kuzuia kuhara inayoitwa loperamidi inapita mlango ule ule. Mbwa akisha kuingiwa na sumu hakuna dawa ya kuivunja. Munganga anaweza tu kumsaidia apumue na apate chakula mpaka iishe mwilini, siku nyingi, pengine juma kadhaa.

Mbwa wetu wa nyumbani hapa kwa kawaida hana upungufu huo. Bado dawa ya ng'ombe iliyopimwa kwa macho inaweza kumuua naye, ila tu inahitaji kuzidi zaidi.

Tunaongeza jambo moja, kwa sababu wanafunzi wengine tuliowaeleza habari hii waliogopa. Ivermektini hiyo hiyo ndiyo Mectizan, vidonge ambavyo kampuni ya Merck imetoa bure tangu 1987 juu ya upofu wa mto, na ambavyo vinagawanywa katika vijiji vingi vya Congo, kando ya mito yenye maji ya mbio, ambako inzi wadogo wanauma. Mmoja alituuliza, "Basi inaingia mu ubongo yetu pia?" Hapana. Sentineli wa watu yupo mlangoni, na kipimo ni kidogo. Muwaambie waganga kama muko wagonjwa, mama mwenye mimba aseme, na watu wa pori ambako kuna minyoo ya jicho ya Loa loa wafuate maneno ya munganga kwanza, maana kwao kuna shida nyingine. Wengine wote, mgawa dawa akifika kijijini wakati wa likizo na ule mti wake wa kupimia urefu, musimame, mupimwe, mumeze.